Joto la Kuazima

Kwa miaka sita niliendesha Morris Minor ya mwaka 1959 nikiwa na kitambaa cha pamba juu ya paja. Asubuhi za baridi, hasa mvua ikinyesha na ndani tukiwa watu watatu au wanne, kioo cha mbele kilifunga ukungu kabla hatujamaliza kilomita ya kwanza, nami nikawa nashika usukani kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukifuta kiduara cha kunionyesha gari lililo mbele yangu na pengine ukingo wa barabara. Abiria wa mbele naye alipewa kitambaa chake. Tuliizoea hali hiyo hata tukaihesabu kuwa sehemu ya haiba ya gari la kale, kama harufu ya viti vyake na mlio wa gia ya kwanza.

Nilikuwa nikibadilisha plagi siku nilipokiona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita mara nyingi. Nyuma kabisa ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, palikuwa na kibati kidogo kilichobanwa kwa nati mbili, ambacho hakikuunganishwa na chochote, na katika bati linalotenga injini na chumba cha abiria palikuwa na matundu mawili ya mviringo yaliyozibwa kwa vizibo vya mpira vilivyokwisha kukakamaa. Katika miaka ya 1950 magari mengi ya Uingereza yaliuzwa bila hita. Aliyeitaka aliilipia zaidi, na waliotengeneza gari walimwachia nafasi yake tayari. Mnunuzi wa kwanza wa gari langu, awe nani, alihesabu fedha zake akaona kuwa koti zito lingemtosha. Nilisimama pale na spana mkononi nikitazama kile kibati, na kabla sijafunga boneti nilikuwa nimekwisha kuamua.

Watu wengi hudhani kwamba hita ya gari huzalisha joto kama jiko. Hita ya maji haizalishi chochote. Karibu theluthi moja ya nishati ya petroli inayoungua ndani ya injini huingia katika maji ya kupozea na kupelekwa kwenye rejeta ili itupwe nje. Hita huazima sehemu ndogo ya joto hilo ambalo lilikuwa liende bure: maji ya moto hutoka nyuma ya silinda hedi, hupita katika rejeta ndogo iliyo chini ya dashibodi, feni ikapuliza hewa katikati ya mapezi yake, kisha maji hayo yaliyopoa kidogo hurudi kwenye mpira wa chini wa rejeta kubwa, mahali ambapo pampu inavuta. Tofauti ya msukumo kati ya silinda hedi na upande wa kuvuta wa pampu ndiyo inayoyaendesha, kwa hiyo hita haihitaji pampu yake yenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi na ilinipa kiburi. Lita moja ya maji ikipoa kwa nyuzi 1 ya Selsiasi hutoa takriban kilojuli 4.2. Kama lita 5 zinapita kwa dakika na zinatoka zikiwa zimepoa kwa nyuzi 10, hita inatoa kilowati 3.5, yaani kama pasi tatu za umeme zilizowashwa pamoja ndani ya kisanduku cha bati chenye madirisha. Niliiandika hesabu hiyo kwenye daftari la gari na kuipigia mstari chini. Swali ambalo lilipaswa kutangulia sikuliuliza: je, injini yangu inalo joto hilo la kuniazima? Asiye nacho hakopeshi.

Njia ya maji haikuwa ya pekee wala ya kwanza. Magari ya mwanzo hayakuwa na hita kwa sababu mengi hayakuwa hata na madirisha, na watu walijifunika mablanketi. Baadaye yakaja mabomba na masanduku ya kuchukua joto kutoka kwenye ekzosi, ambayo hupata moto haraka sana lakini yana hatari moja kubwa: bati likitoboka, moshi wa injini unaingia kwa abiria, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua mtu akiwa anasinzia tu. Volkswagen Beetle, ambayo injini yake hupozwa kwa hewa na haina maji ya kuazima, iliendelea na njia ya ekzosi kwa miongo mingi, na kila mwenye Beetle hana budi kukagua masanduku yake ya joto mara kwa mara. Nchini Marekani kampuni ya Nash, katika magari yake ya mwaka 1938, ilileta mfumo wa kuvuta hewa ya nje, kuichuja na kuipasha kwa maji ya injini kabla ya kuiingiza ndani, na magari tunayoendesha leo bado yanafuata wazo lilelile.

Tofauti hiyo ya hewa ya nje na hewa ya ndani si jambo dogo. Hita za awali, ikiwamo ile ya duara iliyotengenezwa na kampuni ya Smiths kwa magari ya aina ya langu, huzungusha hewa iliyomo ndani ya gari. Hupasha moto upesi kwa kuwa hewa inayopita ni ileile iliyokwisha kupata joto, lakini pumzi za abiria nazo zinazunguka humohumo na unyevu wake wote, na unyevu huo ndio ukungu wa kioo. Hita ya hewa ya nje huchelewa kidogo, ila huingiza hewa ambayo, ikishapashwa, inakuwa kavu kuliko hewa iliyojaa pumzi. Kama ningekuwa naanza leo na gari lisilo na matundu yaliyoandaliwa, ningechagua hewa ya nje bila kusita. Kwa kuwa gari langu lilikuwa limeandaliwa kwa ile ya duara, na kwa kuwa nina udhaifu wa kutaka kila kitu kiwe kama kilivyokuwa, nilitafuta ya duara.

Niliyoipata ilikuwa imekaa ghalani miaka mingi. Rangi yake ya kijivu ilikuwa imevimba malengelenge, na nilipoitikisa nilisikia kitu kikichakarika ndani kama mchanga kwenye kopo. Kazi ya kwanza ilikuwa kuisafisha: niliunganisha mpira wa bustani kwenye bomba la kutokea, kinyume cha mwendo wake wa kawaida, na kwa dakika kumi yalitoka maji ya rangi ya chai, kisha vipande vya kutu, kisha maji ya chai tena. Nilibadilisha upande mara nne hadi yakatoka meupe. Baadaye nikaziba bomba moja kwa kizibo na klempu, lile la pili nikalifungia pampu ya baiskeli yenye geji, nikaizamisha hita kwenye beseni na kupandisha msukumo hadi ratili 10 kwa kila inchi ya mraba. Kifuniko cha rejeta yangu kimeandikwa 7, kwa hiyo 10 iliacha nafasi ya usalama bila kuitesa shaba ya zamani. Viputo vikaanza kupanda, kimoja kimoja, kutoka kona ya chini ambako bomba limelehemiwa kwenye tangi. Fundi wa rejeta aliiziba kona hiyo kwa lehemu ya risasi kwa muda mfupi kuliko niliotumia kumweleza inakovuja. Jaribio hili la beseni halina mbadala. Hita inayovuja juu ya meza ni usumbufu, lakini ikivuja baada ya kufungwa inamwaga maji ya nyuzi 80 juu ya miguu ya abiria.

Mota nayo ilikuwa imeungua waya zake za ndani, nami nikatafuta nyingine yenye mhimili wa unene uleule. Hapa ndipo gari la kale linapomnasa mtu aliyezoea magari mapya. Magari mengi ya Uingereza ya enzi hiyo yameunganisha nguzo chanya ya betri na bodi, kinyume cha ilivyo leo. Mota ya zamani yenye sumaku ya nyaya huzunguka upande uleule hata ukigeuza nyaya zake, kwa kuwa sumaku nayo inageuka. Mota yenye sumaku ya kudumu hugeuza mwelekeo. Yangu mpya ilikuwa ya sumaku ya kudumu. Nilifunga waya wa kijani kwenye swichi na mweusi kwenye bodi kama nilivyozoea, nikawasha, nikasikia mlio mtamu wa feni. Nilipoweka kipande cha gazeti mbele ya mapezi ili nione kinavyopeperuka, kilinata. Feni ilikuwa inavuta pale ilipopaswa kusukuma. Kwa bahati mota hiyo ilikuwa na nyaya mbili zilizotengwa na kasha lake, kwa hiyo dawa ilikuwa kubadilishana nyaya tu; kama ungekuwepo mmoja, na kasha lenyewe ndilo njia ya kurudia umeme, ningelazimika kulitenga kasha zima na bodi kwa vipande vya mpira.

Umeme wa kuiendesha niliuchukua kwenye nguzo ya A4 ya kisanduku cha fyuzi, ambayo hupata umeme funguo ikiwashwa tu. Fyuzi ya hapo ni ya ampea 35, na waya mwembamba wa feni unaweza kuwaka moto kabla fyuzi hiyo haijastuka, kwa hiyo nikaongeza fyuzi ndogo ya ampea 10 karibu kabisa na kisanduku. Mota inakula ampea 4. Si nyingi, lakini dainamo ya gari langu hutoa ampea 20 hivi ikiwa katika nguvu zake zote, na injini ikiwa inanguruma polepole kwenye foleni haitoi karibu chochote; taa kuu zinakula ampea 7 au 8, waipa zina sehemu yake, na ignisheni ina yake. Usiku wa mvua, katika foleni ndefu, hesabu hiyo haitoshi, na kinachojazia ni betri. Nimejizoeza kuzima feni gari linaposimama muda mrefu.

Kibati cha nyuma ya silinda hedi kilikuwa kimekaa pale tangu gari litoke kiwandani, na hakikutaka kuondoka. Nilikipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni tatu mfululizo. Nati ya kwanza ilizunguka robo mzunguko, ikalia, ikakubali. Ya pili ilizunguka pamoja na stadi yake, yaani kile chuma chenye nyuzi kinachoishika, ambalo ni jambo jema kuliko kukatika, kwa kuwa stadi iliyotoka nzima hurudishwa nzima. Iliyokatika ndani ya silinda hedi humpa mtu wiki ya kazi na msamiati ambao hakujua anao. Chini ya kibati palikuwa na gasketi iliyogeuka kama biskuti iliyoungua, na chini ya gasketi, tope la rangi ya matofali. Nililikwangua kwa kijiti cha mbao, nikapitisha waya hadi ndani kuhakikisha tundu li wazi, nikaweka gasketi mpya na valvu ya hita juu yake.

Matundu ya kupitishia mipira niliyasafisha kingo zake hadi bati jeupe, nikayapaka rangi ya kuzuia kutu, nikaacha ikauke siku nzima. Hatua hii huonekana ya kupoteza muda, na wengi huiruka. Lakini bati lililofichwa nyuma ya mpira wenye unyevu huanza kuoza bila kuonekana, na gari la aina hii, ambalo halina chasi ya kutenganishwa na hutegemea mabati yake kujibeba, halipaswi kupewa sababu mpya ya kuoza. Upande wa ndani palikuwa na pedi ya zamani ya kuzuia joto na kelele. Kwa kuwa pedi za enzi hizo zinaweza kuwa na asbesto, niliilowesha kwanza, nikavaa barakoa, na nikaikata kwa kisu pale tu ilipokuwa lazima badala ya kuichana. Kila tundu lilipata pete ya mpira ili ukingo wa bati usiumege mpira wa maji kwa mtikisiko. Njia ya kurudi ni bomba la shaba linalopita kando ya injini hadi kwenye mpira wa chini wa rejeta, na mpira huo nao ilibidi nibadilishe, niweke wenye tawi dogo la kupokea bomba.

Jumamosi moja jioni kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilijaza maji, nikawasha injini, nikafungua valvu, nikasubiri robo saa, nikawasha feni, na miguu yangu ikapulizwa na hewa ya baridi kabisa.

Kwa hita isiyotoa joto, chombo cha kwanza cha uchunguzi ni kiganja cha mkono. Mpira wa kuingilia ukiwa wa moto na wa kutokea ukiwa baridi, maji hayapiti, au yanapita kwa tabu. Ikiwa yote miwili ni moto na hewa bado ni baridi, kosa liko kwenye feni au njia za hewa. Yangu yote miwili ilikuwa baridi, dalili ya hewa iliyonaswa. Hita iko juu karibu sawa na kimo cha silinda hedi, na kiputo kikubwa kikishakaa ndani yake, msukumo mdogo wa pampu hauwezi kukitoa. Nilipandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao, nikachomoa mpira wa kurudi pale unapotoka kwenye hita, nikauinua juu kuliko kila kitu, na kumimina maji kwa faneli taratibu ndani yake. Maji yalishuka, yakagugumia, yakapanda tena, na hatimaye mkondo usio na povu ukatoka kwenye bomba la hita. Nikarudisha mpira na kuufunga.

Sasa mipira yote miwili ilipata joto, ila joto la aina ya maji ya kuogea. Hewa iliyotoka ilikuwa vuguvugu, kama pumzi ya mtu aliye mbali. Niliendesha nusu saa na hali haikubadilika.

Dashibodi ya gari hili haina kipimo cha joto la maji. Ina kipima mwendo, kipimo cha petroli na vitaa vichache vya kuonya, basi, na kwa miaka sita sikuwahi kujua maji ya injini yangu ni ya moto kiasi gani. Nilichojua ni kwamba hayachemki, na nililiona hilo kuwa ushindi. Jioni hiyo niliazima jikoni kipimajoto cha kupikia. Nilingoja injini itulie, nikafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa kinene, nikakizamisha. Nyuzi 52.

Injini ya aina hii inapaswa kufanya kazi ikiwa na maji ya nyuzi 82 hivi. Nilifungua nyumba ya themostati, yenye nati tatu ambazo zina sifa mbaya ya kugandamana na stadi zake, na baada ya saa mbili za kuipigapiga kwa nyundo ya mbao niliinyanyua. Ndani hapakuwa na kitu. Palikuwa na alama ya mviringo mahali themostati ilipokuwa imekaa zamani, basi.

Kuondoa themostati ni dawa maarufu ya gari linalochemsha, na ni dawa ya mtu anayenyamazisha kengele badala ya kuzima moto. Themostati ni mlango: injini ikiwa baridi hufungwa, maji yakazunguka ndani ya injini na katika hita tu, na yakifika nyuzi zilizoandikwa juu yake hufunguka na kuyaruhusu kwenda kwenye rejeta. Ukiuondoa mlango huo, maji yanakimbilia kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na injini haipati joto lake. Madhara si ya miguu ya abiria peke yake. Injini iliyo baridi daima hunywa petroli zaidi, petroli isiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili, unyevu hauchemki ukatoka, na silinda huliwa mapema. Kwa miaka sita nilikuwa nikiitesa injini yangu huku nikijisifu kwamba haichemki.

Themostati mpya niliijaribu kwanza, kwa kuitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji sambamba na kile kipimajoto, bila kuiacha iguse chini. Kwenye nyuzi 82 kisahani chake kilianza kuinuka, taratibu kama kope za mtu aliyelala, na ilipofika 93 kilikuwa wazi kabisa. Niliifunga, nikajaza maji, nikatoa hewa, nikaondoka. Dakika ya saba hewa ya moto ilitoka chini ya dashibodi. Haikuwa vuguvugu tena, ilikuwa ya moto, na nilivua koti nikiwa barabarani kwa mara ya kwanza ndani ya gari lile. Dakika ya ishirini na tano, nikipanda mlima mrefu kwa gia ya tatu, mvuke ulitoka pembezoni mwa boneti.

Nilisimama, nikazima, nikangoja. Kifuniko cha ratili 7 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 111 kama uko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyochemka chini yake ni ya moto kuliko maji yoyote ya jikoni, na kulifungua rejeta kwa haraka ni kujichoma uso. Injini ilipopoa kidogo niliipapasa rejeta kwa mbele, kutoka juu kwenda chini. Juu ilikuwa ya moto, katikati ya moto, na theluthi ya chini, pamoja na kona nzima ya kulia, baridi kama jiwe. Siri ya miaka yote ikawa wazi: rejeta iliziba, gari likachemsha, mtu fulani akaondoa themostati ili maji yapite kwa wingi, na injini ikawa baridi kiasi kwamba hata rejeta iliyoziba iliimudu. Kasoro mbili zilikuwa zimesimama zikiegemeana. Hita yangu iliziachanisha.

Niliirudisha kwa yuleyule fundi aliyeziba hita. Aliilehemua tangi ya juu, akanionyesha safu za mirija iliyojaa kitu kama chokaa iliyochanganyika na kutu, akapitisha ubapa wa chuma katika kila mrija kwa subira ambayo mimi sina. “Mwanangu,” aliniambia bila kuinua macho, “umekuja kutafuta moto, sasa nakuuzia baridi.” Nilicheka, ila ndivyo ilivyokuwa: nilihitaji rejeta inayopoza vizuri ili niruhusiwe kuwa na injini ya moto.

Wakati rejeta iko kwake nilibadilisha pia mpira mfupi ulio kati ya pampu ya maji na silinda hedi, ambao kila mwenye injini ya A-Series, aina iliyomo katika gari langu, anaujua na kuuogopa. Una urefu wa vidole vichache tu, umejificha mahali ambapo mkono hauingii, na kazi yake ni kupitisha maji wakati themostati imefungwa. Bila themostati ulikuwa hauna kazi. Nilipoirudisha themostati ukarudishiwa kazi yake, na mpira uliokakamaa kwa miaka mingi haukustahili kuaminiwa kazi hiyo. Mfumo ulijazwa nusu maji yaliyochujwa na nusu kulanti ya glikoli ya aina inayofaa shaba na lehemu za zamani. Mchanganyiko huo hauwezi kuganda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, jambo ambalo silihitaji, lakini huzuia kutu, nalo nilikuwa nalihitaji sana kwa kuzingatia kile nilichokiona chini ya kibati. Glikoli ina ladha tamu na ni sumu. Mabaki yake hayaachwi kwenye beseni mahali ambapo mbwa au mtoto anafika.

Joto lilipopatikana nilianza kuona linakotorokea. Buti ya mpira inayofunika mguu wa gia ilikuwa imechanika, matundu ya pedali yalikuwa wazi, na mpira wa mlango wa kushoto ulikuwa umebanwa hadi ukawa bapa, kwa hiyo upepo wa mwendo uliingia kwa wingi kuliko hewa ya hita. Kuyaziba kulifanya kazi kubwa kuliko kuongeza kasi ya feni. Tena matundu hayo yanatoka kwenye chumba cha injini, na kinachoingia kupitia hayo si upepo mtupu bali pia moshi wa gasketi yoyote ya ekzosi inayovuja. Ningeshauri yazibwe hata katika gari ambalo halitapata hita kamwe.

Kioo cha mbele, ambacho ndicho kilichoanzisha yote haya, kilikuwa cha mwisho kutii. Hita ya duara hupeleka hewa kwenye kioo kwa mirija miwili minene inayopanda nyuma ya dashibodi, na mirija ya zamani iliyokuja na hita ilikuwa ya karatasi na kitambaa iliyooza, niliweka mipya. Kwa kuwa hewa ni ya humuhumu ndani, nimejifunza kufungua kidirisha kidogo cha pembetatu cha mlangoni kwa upana wa kidole ili unyevu upate pa kutokea, na tofauti inaonekana kwa dakika moja au mbili. Ukungu huanza kuondoka chini kulia, mbele ya dereva, kwa umbo la ukucha, kisha ukucha huo hupanda na kutanuka hadi kuwa kama nusu ya sahani. Upande wa abiria hufuata ukiwa umechelewa sana, kwa sababu mrija wa kushoto umejikunja mahali fulani nyuma ya sanduku la kuwekea vitu na siwezi kuunyoosha bila kushusha dashibodi yote. Mpaka siku nitakapoishusha, abiria wa mbele bado anapewa kitambaa.